Kombi yenye kutu: kusoma dalili za bodi kabla ya kukata bati

Mwongozo huu ni wa Volkswagen Kombi yenye kioo kimoja kipana cha mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, hasa zile zilizogeuzwa gari la kulala kwa kuwekewa kabati, jiko, sinki na paa la kunyanyuka. Mwenye Hiace kuukuu aliyoigeuza hivyohivyo ataona mengi yanamhusu. Tumechukulia kwamba kazi inafanyika nyumbani, chini ya banda, una grinda ya inchi nne na nusu, kompresa na mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya na gesi), na hewa ya unapoishi ina chumvi na unyevu, kama Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja.

Kombi hii haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Mihimili ya chini imechomelewa kwenye sakafu, sakafu imeshikana na vizingiti vya pembeni, na vizingiti vimebeba nguzo za milango. Bodi ndiyo chasisi. Fundi anayekuambia "hii ya chini haionekani, tuipake lami tu" anakurudishia gari lililovunjika mgongo.

Halafu, maji husafiri. Kutu inayotokeza kwenye ukingo wa chini wa paneli mara nyingi imeletwa na maji yaliyoingilia juu, kwenye raba au kiungo kilicho umbali wa mita nzima. Kwa hiyo kila dalili ina maswali mawili: bati limeliwa kiasi gani, na maji yanaingilia wapi? Ukijibu la kwanza tu, kiraka kipya kitaoza kutokea ndani kama bati la kiwandani lilivyooza.

## Vipimo vya kuanzia

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uipitishe taratibu kwenye robo ya chini ya gari lote. Inapolegea au kuanguka, hapo kuna puti (kijazio cha kusawazisha bati) nene au faiba. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, puti inatoa mlio mfu. Kisha ingia chini na uchokoe kwa ncha ya bisibisi kwenye mihimili, vizingiti, sehemu za kuwekea jeki na mikono inayounganisha mihimili na vizingiti. Usione huruma. Panapotoboka kwa nguvu ya mkono palikuwa pameshaoza.

Kupima maji kunataka watu wawili. Mmoja akae ndani na tochi, kabati na mikeka vikiwa vimeondolewa. Pondaponda chaki, upake unga wake mkavu kuzunguka raba za vioo na viungo kwa upande wa ndani. Mwingine aanze kumwaga maji kwa mpira kutoka chini kwenda juu, dakika tano kila sehemu: kwanza kiungo cha paneli ya mbele, kisha matundu ya kuingizia hewa, kisha raba ya kioo, paa mwisho. Ukianza na paa, maji yatashuka kila mahali na hutajua ni wapi hasa palipopenya. Tone likipita, chaki inachorwa mstari mweusi unaoonyesha njia yake hadi chanzo.

## Malengelenge chini ya rangi

Dalili hii ina vyanzo vitatu, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo toboa lengelenge kwa ncha ya wembe kabla ya kuamua lolote.

Ukikuta unga wa kahawia na ncha inazama, kutu imetoka upande wa pili na bati limekwisha. Tegemea kwamba baada ya kusafisha, tundu litakuwa kubwa mara mbili au tatu kuliko lengelenge lenyewe. Hapo ni kukata na kuchomelea. Kupiga msasa, kupaka dawa ya kutu na kujaza puti ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: rangi itainuka tena palepale mvua chache zikishapita.

Ukikuta bati linang'aa, au lina madoa meusi tu, na majimaji kidogo, kosa lilikuwa la mpakaji rangi. Chumvi, jasho la viganja au maji ya kompresa yalifungiwa chini ya praima (rangi ya kwanza juu ya bati). Ondoa rangi hadi bati, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, anza upya.

Ukikuta puti yenye unyevu, iliyolainika na kutoka kwa kucha, basi puti ilinyonya maji. Puti ya poliesta ina vinyweleo, na praima nyingi za kawaida, ile nyekundu ya oksidi ikiwemo, hazizuii maji kwa muda mrefu. Gari lililoachwa na praima tupu nje miezi mitatu "likisubiri rangi" linanyonya unyevu kila usiku. Inabidi kukwangua zote. Kupuliza rangi juu yake hakusaidii.

## Kona za chini za kioo cha mbele

Kombi ya rika hili ambayo haijawahi kuguswa karibu kila mara ina kutu hapa. Raba ya kioo ikizeeka inakauka na kusinyaa kwenye kona, maji yanakaa ndani ya mfereji wake, na mdomo wa bati unaobeba raba unaliwa bila kuonekana. Dalili ya nje ni kidonda kidogo kwenye kona. Dalili ya ndani ni maji chini ya mkeka wa dereva na michirizi ya kahawia nyuma ya dashibodi.

Usijaribu kuokoa raba ya zamani. Kata mdomo wake wa nje kwa kisu kikali kuzunguka kioo chote, kisha sukuma kioo kutoka ndani kwa viganja vilivyofunguka, kuanzia kona za juu, msaidizi akipokea nje. Raba mpya ni rahisi kuliko kioo kipya.

Safisha mdomo wa bati kwa brashi ya waya. Ikiwa umebaki mwembamba kama kopo la soda au una meno kama msumeno, kata sehemu hiyo na utengeneze nyingine kwa bati la milimita 1. Mdomo mpya ulingane kabisa na wa zamani kwa upana na kwa mkunjo. Ukizidi milimita mbili au tatu, kioo kitakaa kwa kulazimishwa na kinaweza kupasuka siku ya kukiweka au siku ya shimo la kwanza barabarani. Kabla ya kupaka rangi weka kioo na raba kwa majaribio.

Kukirudisha: vika raba kwenye kioo, pitisha kamba laini ya milimita 4 au 5 ndani ya mfereji wa raba utakaoshika bati, ncha zipishane chini katikati kwa sentimita 15 hivi. Paka maji ya sabuni. Msaidizi akibonyeza kioo kutoka nje, wewe ndani unavuta kamba polepole na mdomo wa raba unapanda juu ya bati. Usitumie silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki kuziba; harufu hiyo ni asidi, na juu ya bati tupu inaanzisha kutu mpya. Tafuta sila (dawa ya kuzibia) ya vioo isiyokauka.

Ukiwa hapo, mwaga maji kwenye matundu ya kuingizia hewa yaliyo chini ya kioo. Yakibaki humo badala ya kutokea chini, vitundu vya kutolea maji vimezibwa na majani na vumbi. Na ikiwa majimaji ya sakafuni yanateleza vidoleni na rangi imebanduka kama imekwanguliwa, hayo ni mafuta ya breki. Acha bodi, tengeneza breki kwanza.

## Milango imeoza chini

Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida: yanapita kando ya kioo hata raba ikiwa mpya. Mlango umetengenezwa uyapokee na kuyatoa kwa vitundu vya ukingo wa chini. Kosa ni vitundu kuziba, na mara nyingi vimezibwa na fundi wa rangi aliyepita. Vizibue kwa waya wa baiskeli. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango irudishwe pia. Ikikosekana, maji yanalowesha ubao na kushukia sakafuni. Ukibadilisha bati la chini la mlango, pima vitundu vya zamani na uvitoboe upya mahali palepale kabla ya kuchomelea.

## Mlango wa kuteleza unakwama, au jeki inazama ndani ya bati

Tunaziweka pamoja kwa sababu mara nyingi ugonjwa ni mmoja. Kwanza ondoa sababu nyepesi: magurudumu ya mlango yaliyolika na reli iliyojaa mchanga. Kama hayo ni mazima, pima pengo la mlango juu na chini gari likiwa kwenye magurudumu yake, andika, kisha nyanyua kona moja kidogo na upime tena. Pengo likibadilika kwa milimita kadhaa, bodi inajikunja. Pengo linalobana juu na kufunguka chini linaonyesha gari limelegea katikati.

Chanzo ni vizingiti. Kwa nje unaona bati moja, lakini kizingiti cha Kombi kina matabaka matatu: la nje, la katikati linalokipa ugumu, na la ndani. Vumbi na maji hukusanyika kati yake. Magari mengi yamewahi kuvishwa tabaka la nje jipya juu ya lile lililooza, yakang'aa, huku ya ndani yakiwa unga. Ukikata ukakuta mabati mawili ya nje yamepandana, umekuta kazi ya namna hiyo.

Kazi hii ndiyo inayoharibu Kombi nyingi mikononi mwa wanaojifunza, kwa sababu wanakata yote kwa mkupuo na gari linakaa vibaya milele. Utaratibu ni huu:

1. Simamisha gari mahali pagumu na sawa. Stendi ziwe chini ya mhimili wa ekseli ya mbele na bomba la tosheni (la springi) la nyuma, kamwe si chini ya sakafu au vizingiti.
2. Kabla ya kukata, funga kila uwazi wa mlango kwa mabomba ya mraba ya milimita 25 kwa 25 yaliyopishana kama msalaba. Pima kutoka kona hadi kona, uandike vipimo kwenye tepe ya karatasi juu ya nguzo yenyewe.
3. Fanya upande mmoja hadi uishe. Kata vipande vya sentimita 50 hadi 60 kwa zamu.
4. Jenga kutoka ndani kwenda nje: tabaka la ndani, mikono ya chini na sehemu za jeki, la katikati, mwisho la nje. Sehemu zitakazofunikwa zipate praima ya zinki inayoruhusu kuchomelewa.
5. Mlango urudishwe na ufungwe kwa kidole kabla ya kuchomelea kabisa tabaka la nje. Hatua hii ikirukwa, utagundua kosa gari likiwa na rangi.

Kwa tabaka la ndani na la katikati tumia bati jeusi la geji 18, takriban milimita 1.2. Sehemu za jeki zinataka milimita 2. La nje geji 20, kama milimita 0.9, ambalo pia linafaa kwa paneli za kawaida. Usishawishike na mabaki ya bati la kuezekea: geji 28 au 30 ni nyembamba kiasi cha kutoboka hata kwa mashine iliyoteremshwa kabisa, na zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku uleule.

Acha njia ya maji kwenye ukingo wa chini. Kizingiti kilichofungwa kila upande ni tangi.

## Sakafu ya betri imeliwa

Betri ya Kombi inakaa upande wa kulia wa chumba cha injini, na gari za kulala nyingi zina ya pili kushoto. Sakafu iliyotoboka hapo ni kazi ya asidi. Toa betri, changanya vijiko vikubwa vitatu vya soda ya kuokea kwenye lita moja ya maji, mwagia mpaka povu likome, suuza na ukaushe. Ukichomelea bila kufanya hivyo, asidi iliyobaki kwenye kiungo itaendelea na kazi yake.

Kisha uliza kwa nini asidi ilimwagika. Washa injini, pandisha mzunguko kidogo, pima volti kwenye nguzo za betri. Kati ya 13.8 na 14.4 ni sawa. Ikipita 14.8, rigyuleta inachaji kupita kiasi na betri inachemka. Bati jipya litaoza kama la kwanza. Weka beseni la plastiki chini ya betri, na mkanda wa kuishika, kwani betri inayorukaruka humwaga pia.

## Kutu nyuma ya kabati, na hakuna raba inayovuja

Hii ni ya magari ya kulala pekee, na ndiyo inayowachanganya watu. Umepima kwa mpira na unga wa chaki, hakuna tone lililoingia, lakini ukifungua ubao wa ukuta bati lina jasho na madoa ya kutu yaliyotapakaa kuanzia usawa wa dirisha kushuka chini.

Maji yametoka ndani. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa wanapumua unyevu usiku kucha, na jiko la gesi linaongeza mvuke kwa kuungua kwake tu, sufuria au bila sufuria. Mvuke hugusa bati lililopoa alfajiri na kugeuka matone. Lushoto au Limuru, ambako usiku ni baridi, hali ni mbaya kuliko pwani. Pamba ya kioo iliyojazwa ukutani inashika maji hayo na kuyalaza juu ya bati. Povu la kupuliza lililojazwa kwenye nguzo na vizingiti ni baya zaidi: linaziba vitundu vya maji na haliwezi kutolewa bila kukata. Likiwaka wakati wa kuchomelea, moshi wake ni sumu.

Toa pamba yote. Kwangua povu hadi bati. Tibu kutu ya juu, paka praima ya epoksi, kisha bandika foamu nyeusi ya raba yenye vyumba vilivyofungwa, ya milimita 10 au zaidi, ishikane na bati bila mapovu ya hewa. Nguzo na vizingiti vibaki wazi. Dirisha moja lifunguliwe kidogo wakati wa kulala na kupika, jambo ambalo ni lazima hata hivyo kwa sababu ya hewa ya jiko.

Kagua pia kila tundu lililokatwa na aliyeigeuza gari: la kujazia maji, la umeme wa nje, la bomba la friji. Kingo zake mara nyingi ziliachwa bati tupu, na skrubu za kabati zimetobolewa hadi nje ya mbavu za ukuta. Kuhusu mfereji wa paa: michirizi ya kahawia chini yake maana yake sila ya kiungo imepasuka. Chokoa ya zamani yote, usipake mpya juu yake.

## Bati lililosafishwa jana leo lina vumbi la kahawia

Vishimo vidogo vilivyoachwa na kutu vimeficha chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Grinda inang'arisha vilele vya bati na kuacha mashimo yakiwa machafu. Kwa mbali linaonekana safi, kwa kioo cha kukuzia utaona nukta nyeusi. Suuza kwa maji ya moto na brashi ngumu, kausha kwa hewa ya kompresa na jua, pitisha brashi ya waya tena, kisha paka asidi ya fosforiki. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, isikauke kwa kujikusanya. Mabaki yake yaoshwe na bati likaushwe, la sivyo praima ya epoksi haitashika. Praima ipigwe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Usisafishe gari zima kwa wiki nzima halafu utafute praima. Safisha kiasi utakachofunika kabla ya jioni.

## Mashine inatoboa, bati linapinda, mchomo una vishimo

Kabla ya cheche yoyote: betri itolewe, waya za alteneta zifunguliwe, mtungi wa gesi ya jiko na godoro vitoke nje, na ukichomelea karibu na nyuma, tangi la petroli litoke pia. Tangi la Kombi liko juu ya giaboksi, mbele ya injini, na haliwezi kutoka kabla ya injini kutoka. Ndiyo kazi inayokwepwa, na ndiyo inayounguza magari. Ndoo ya maji, kizimamoto, na mtu wa kutazama upande wa pili wa bati. Mkikamilisha, kaeni nusu saa mkinusa.

Kutoboa kunatokana zaidi na bati lililokondeshwa na kutu kuliko mashine. Kata hadi ukutane na bati zima, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa kuliko ulivyotaka. Waya uwe wa milimita 0.6, au 0.8 kwa mkono uliozoea. Vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5 ni vya mageti.

Kupinda kunatokana na mstari mrefu wa mchomo. Kata kiraka chenye kona za mviringo, kiache pengo la milimita 1 hivi, kishike kwa klampu, piga nukta moja kila sentimita mbili na nusu, kisha rudi katikati ya nafasi hizo ukiruka kutoka upande huu kwenda ule. Gusa bati kwa kiganja: likikuchoma, pumzika. Usilipoze kwa maji. Kupandisha kiraka juu ya bati la zamani ni rahisi zaidi lakini kunaacha mfuko wa unyevu nyuma. Pale usipoweza kuuepuka, uzibe kwa sila pande zote mbili.

Vishimo kama sifongo vinaonyesha gesi haikufika. Upepo wa kusi ukipita bandani unaipeperusha kabla haijafunika mchomo. Weka turubai, fungua gesi lita 8 hadi 12 kwa dakika, na klampu ya ethi ikae kwenye bati safi karibu na kazi. Ukitumia waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, kumbuka kugeuza nguzo ili bunduki iwe hasi. Watu wengi husahau na kulaumu waya.

## Puti

Puti ni ya kusawazisha tu, ikiwezekana isizidi milimita 3. Inayopasuka ilikuwa nene mno au imewekwa kwenye bati linalotikisika. Hadina (dawa ya kuigandisha) ni gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwenye joto la pwani mchanganyiko unaganda upesi, hivyo changanya kidogo kidogo na ufanye kazi asubuhi. Kupunguza hadina ili upate muda kunaacha puti isiyokauka kamwe chini. Kuzidisha kuna adhabu yake: doa la njano au la waridi linalopenya rangi nyeupe baada ya siku kadhaa, na kupaka rangi juu yake hakulizimi. Vitundu vidogo ni hewa iliyoingia wakati wa kukoroga. Changanya kwa kukandamiza, usikoroge kama uji. Msasa uanze namba 80, kisha 120, kisha 180. Kamwe usipige puti kwa msasa wa maji.

## Rangi imekataa

Vijicho vya duara vinavyofunguka rangi ikiwa mbichi: silikoni au mafuta, mara nyingi yanatoka kwenye nta ya kung'arishia dashibodi. Mikunjo kama ngozi ya maziwa: thina ya selulosi imeamsha rangi ya sinthetiki iliyo chini, kwangua au tenganisha kwa epoksi. Ukungu mweupe juu ya rangi ya selulosi: thina inayokauka haraka siku yenye unyevu, tumia ya polepole na upulize kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ganda la chungwa: rangi nzito, shinikizo dogo, au spregani iko mbali. Anza na bar 2 kwenye mdomo wa spregani, tundu la milimita 1.3 au 1.4, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Matone ya maji kwenye rangi: tangi la kompresa halikumwagwa. Kichujio cha maji kikae karibu na spregani, si kwenye kompresa, kwa sababu hewa inatoka ya moto na maji hujitenga ikishapoa kwenye mpira.

Rangi za 2K (zinazochanganywa na hadina) ni ngumu na nzuri, lakini hadina yake ina isosaianeti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Inahitajika ile inayoletewa hewa safi kutoka mbali. Kama huna, tengeneza bodi mwenyewe na umpe rangi ya mwisho fundi mwenye chumba na vifaa vyake.

## Ndani ya boksi

Rangi ikishakauka kabisa, puliza nta ya ndani kwenye vizingiti, mihimili, nguzo na milango kwa bomba refu lenye ncha ya kutawanya, mara mbili, ukisubiri ya kwanza ikauke. Itokee kwenye vitundu vya maji. Ikishatoka, zibua vitundu tena kwa waya. Oili chafu ya injini inayopulizwa chini ya magari mengi inazuia kutu kwa muda, lakini inakusanya vumbi, inavimbisha raba za sispensheni na inadondoka ardhini. Grisi haipenyezi kwenye viungo. Lami nene juu ya kutu inaificha tu. Ikipasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki.

Nta ya chini irudiwe kila mwaka kabla ya masika. Gari likitoka ufukweni, suuza chini kwa maji baridi siku hiyohiyo, hasa ndani ya matao ya magurudumu ambako mchanga hukaa juu ya ukingo wa bati, na uliegeshe pua ikiwa juu kidogo ili vizingiti vimwage maji kuelekea nyuma.